Daftari la Mabinti wa Mfalme

Mama hakujua kusoma,
ila sura ya mtu na deni lake
havikumpotea hata siku moja.

Nurali alipofunga duka lake la vitabu, Barabara ya Nane,
alimpa boksi la kadi za posta
badala ya chenji.
"Chukua, mama. Barua siku hizi nani anaandika?"
Kadi kumi na mbili, mabinti wa mfalme wa katuni:
macho kama visahani, viuno vya nyigu,
na nyuma, pale pa stempu, peupe.

Akazitazama usiku kucha kwa koroboi.
Kulipokucha, kila mkopaji wa genge letu
alikuwa ameshapata binti wake.

Aliyelala miaka mia, maua kifuani,
huyo Bi Mwamtoro:
ukienda kumdai, utaambiwa kapumzika.
Aliyeacha kiatu ngazini akatimua mbio,
huyo Sechonge, karani wa bandari,
tarehe mosi hapiti mtaa wetu.
Wa nywele za kuteremka mnarani,
Mama Hadhara, msusi wa Makorora.
Na Shekiondo, fundi baiskeli, kipara na ndevu zake,
akaangukia yule nusu samaki.
Alinuna siku tatu.
"Mwanamume mzima, Mwanakombo, unanitia mkia?"
"Lipa," mama akasema, "nikutoe majini."

Nyuma hapakuwa na barua.
Palikuwa na duara: nazi.
Kistari: kibaba cha unga.
Nukta tatu: mafuta ya taa, chupa ya soda.
Deni likilipwa, mama alilamba kidole
akafuta taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

Watu wakazoea.
"Niandikie kwenye gauni la njano."
"Binti wangu leo anasemaje?"
Nami, darasa la tatu, mjuaji,
nikajidai kuwasomea Kiingereza cha pembeni
nisichokijua hata neno:
"Hapa pameandikwa, asiyelipa ataolewa na chura."
Wiki ile
hata Sechonge alilipa.

Baada ya arobaini ya mama
akaja bwana mmoja kutoka Dar, mkusanyaji,
glavu nyeupe, kioo cha kukuzia.
Nikafungua kamba ya mkonge.
Akazihesabu kumi na mbili, pumzi imemkaa kooni:
seti kamili, akasema, kuipata ni bahati.
Kisha akazigeuza.
"Nani kazichafua?"

Nikamweleza duara, kistari, nukta.
Akasikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike.
"Ni penseli tu hii," akasema. "Inafutika.
Zikiwa safi, laki tatu."
Akaweka kifutio mezani, kipya, cha waridi.

Laki tatu. Bati za jikoni zinavuja.
Nilikishika kifutio kile, sisemi uongo,
nikakinusa, kilinukia shule.

Nikamrudishia.
Nikamwambia, huku kwetu deni hufutwa na aliyelipa.

Kadi moja sikuwahi kuijua ni ya nani:
binti mwenye ndege begani,
nyuma kistari kimoja kirefu, toka ukingo hadi ukingo.
Nimewauliza wote. Hakuna anayemkumbuka.
Wakati mwingine naigeuza, najitazama.

Bi Mwamtoro bado yupo.
Ijumaa baada ya swala anakuja na mkongojo,
anaomba aletewe binti wake,
anahesabu kwa kidole chake mwenyewe:
nazi nne, kibaba, mafuta.
Anafungua fundo la kanga.
Anatoa noti, anaziangalia, anazirudisha.
"Jumatano, mwanangu. Inshallah."
"Haya, bibi."
Ananywa chai yangu, anamsema mama vizuri,
anamsema na vibaya kidogo, tunacheka.

Nami naifunga kamba polepole
nisije nikamwamsha.